Moshi wa Shimo la Ndizi

Simu iliita wakati Nikuze anamenya ndizi za kumpelekea mgonjwa hospitali. Kwenye kioo lilitokea jina la Baba. Alifurahi hata kisu kikamponyoka, maana baba yake alikuwa hana tena nguvu ya kushika simu, na kama leo ameishika, basi rozari zao zimesikika. Akaipokea kwa mkono uliojaa utomvu.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba," sauti ikaitika, na haikuwa ya baba. Ilikuwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. "Ni mimi, mwanangu, Mwalimu Projest. Nilikuja kumwona mwenzangu hapa wodini. Jikaze. Baba yako ametutoka sasa hivi."

Kilichompata Nikuze kwanza hakikuwa kilio. Ilikuwa hasira. Tangu yuko darasa la tano hajawahi kumwamkia mtu yule. Wakikutana kigangoni alikuwa anatazama msalaba na kupita. Wakikutana mnadani alivuka upande wa pili. Mama yake alimchapa kwa ajili ya hilo. Katekista Byarugaba alimwonya kwa ajili ya hilo, naye akajibu kwamba ataungama kwa padre, lakini haamkii. Na leo amemwamkia kwa mdomo wake, tena kwa furaha, na mtu yule ameitikia kama aliyestahili.

"Iweke simu ya baba yangu mezani," akasema. "Usiiguse tena."

Mama yake, Mackrine, alikuwa uani anaanua kahawa. Aliposikia sauti ya binti yake akaja mlangoni, beseni kiunoni.

"Nani huyo?"

"Projest."

Mackrine akakaa chini palepale kwenye vumbi, kabla hajaambiwa lolote. Projest hakuwahi kupiga simu nyumba ile. Akipiga leo, atakuwa na neno gani jingine?

Majirani wa Nyakatuntu walijaa uani jua likiwa bado juu. Wanaume walifunga turubai, wanawake wakatandika nyasi sebuleni. Kilio kilipotulia kidogo, Mackrine akamvuta binti yake pembeni, kwenye ukuta wa jiko.

"Baba Nikuze alisema darasa lake liitwe. Alisema kaburi wachimbe wao."

"Wamfukie mara ya pili, mama?"

"Usiniseme mimi. Nakuambia alichosema mwenye kufa."

Neno la marehemu halivunjwi. Lakini moyoni aliapa, Mungu amsamehe, kwamba watu wale hawatagusa udongo wa kaburi la baba yake kabla hawajasema mbele ya watu moshi ule ulikuwa wa nini.

Adelard Karekezi alizaliwa Ihanda mwaka ambao wazazi wake walivuka mpaka kutoka Rwanda na vifurushi kichwani. Baba yake, mzee Karekezi, alikuwa kibarua kwenye kahawa ya watu, na ndizi za pombe zikiiva alikuwa anaitwa kuzikamua, maana hakuna aliyemfikia kwa rubisi. Mtoto alikua anafuata nyayo za baba yake kati ya migomba. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mwenye akili, hata akachaguliwa kwenda shule ya sekondari ya misheni, iliyokuwa juu ya kilima, ambako watoto wa vibarua walikuwa wa kuhesabika.

Alikuwa kidato cha tatu mwaka sabini na nane, vuli ilipoanza na nduli akavuka mpaka wa kaskazini na majeshi yake. Mizinga ilisikika kama mtu anayebwaga magunia ng'ambo ya pili ya mlima. Watu wa Missenyi walipita barabarani na magodoro na mbuzi, wengine bila kitu. Walimu vijana waliingia mgambo. Mkuu wa shule aliamuru wanafunzi wachimbe mahandaki nyuma ya mabweni, akapiga marufuku moto wowote nje, usiku na mchana, ndege zisije zikauona.

Darasa lile lilikua ndani ya handaki. Humo walijifunza fizikia, humo walisali, humo sauti zao zilivunjika zikawa nzito. Na humo walitaniana.

"Karekezi, chimba kwa bidii," Gosbert alisema siku moja. "Kwa urefu wako huo, kichwa kitabaki nje."

"Kikibaki nje kitawachungulia adui, kije kiwaambie ninyi mliojikunja huko chini."

"Kitawachungulia au kitawaamkia?" Projest akadakia. Alikuwa kiranja, na utani wa kiranja una wachekaji wengi. Wavulana wakacheka, na Adelard akacheka nao. Wakati ule bado ulikuwa utani.

Ni Gosbert huyohuyo aliyeleta kiapo. Malengelenge ya mikono yalikuwa yamempasuka, akabwaga jembe na kusema, "Jamani, sisi tumeshachimba pamoja. Akifa mmoja wetu, tuliobaki ndio tumchimbie. Asiguse mtu mwingine." Wakagonganisha mipini ya majembe. Waliobaki hai wanakishika kiapo hicho mpaka leo, na wanajiita Darasa la Handaki.

Noeli ilipokaribia, likizo ikafutwa kwa sababu njia hazikuwa salama. Wavulana wakaona Bwana hawezi kuzaliwa wakiwa wanakunywa maji matupu. Wakakata mikungu kwenye shamba la shule, wakachimba shimo nyuma ya handaki, na kazi ya shimo akapewa Adelard, mtoto wa fundi. Kila mtu wa kwetu anajua kazi hiyo. Ndizi za rubisi huvundikwa shimoni, na shimo lazima lipashwe moto kwanza kwa majani makavu ya migomba. Majani yao yalikuwa yamenyeshewa. Alipoyawasha mchana ule, moshi ulipanda mweupe, mnene, umenyooka kama mnara wa kanisa.

Kisha ndege ikapita.

Ilikuwa ya nani, hakuna anayejua hadi leo. Haikudondosha kitu. Lakini watu wa bondeni walikimbia na watoto mgongoni, na mgambo wakapanda kilima mbio, bunduki mkononi. Adelard alikuwa ameteremka migombani kufuata majani mabichi ya kufunikia. Wenzake wakasikia buti zinakuja. Kukutwa na pombe shule ya misheni ilikuwa kufukuzwa siku hiyohiyo. Basi wakashika majembe yaleyale ya handaki, wakafukia shimo, ndizi ndani, wakatawanya takataka juu yake.

Mgambo walimkuta Adelard njiani, masizi mikononi.

"Nani ameita ndege?"

"Hakuna aliyeita ndege, afande. Navundika ndizi."

"Wapi?"

Akawapeleka. Akakuta udongo umesawazishwa. Akageuka kuwatazama wenzake, na inasemekana hata wakati huo alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni mzaha na kwamba mmoja wao atacheka sasa hivi.

"Nyie, kuna aliyeona shimo la ndizi hapa?"

"Hatujaona shimo, afande," akajibu Projest, kiranja.

Wengine wote waliangalia miguu yao, iliyokuwa na udongo mbichi.

Hakuna mtoto wa Karagwe asiyejua moshi wa shimo la ndizi. Mgambo wenyewe walikuwa wamekulia kwenye moshi huo. Lakini jina Karekezi lilikuwa jina la ng'ambo, na majira yale jina la ng'ambo lilitosha. Walimvunja goti kwa kitako cha bunduki palepale, mbele ya darasa, kisha wakamchukua. Vita vilipokwisha kusogea mbali waliachia watu, naye akaachiwa bila neno. Shule haikumpokea. Wenzake walifanya mitihani yao, wakawa walimu, makarani na mabwana shamba. Mzee Karekezi akaihama Ihanda, akaja kuomba kipande cha ardhi Nyakatuntu, na uvumi ukaja nyuma yake.

Hapo ndipo Adelard alipoishi maisha yake yote. Alikuwa fundi baiskeli ambaye hakuweza kupanda baiskeli, kwa vile goti halikukunjika. Aliikokota tu na kuiegemea, na wateja wakamtania kwamba anaitembeza kama ng'ombe. Alimwoa Mackrine, ambaye kaka zake hawakuja harusini. Alipanda kahawa. Na kila Noeli, mchana kweupe, alichimba shimo la ndizi mbele ya nyumba yake, karibu na njia, akaliwasha kwa majani mabichi kwa makusudi ili moshi uwe mwingi. Watu waliopita njiani waliuona. Hakuwahi kuwaambia lolote, aliwakaribisha kunywa.

Nikuze alikuwa darasa la tano mtoto mmoja alipomzomea, "Baba yako aliita ndege!" Darasa zima likaitikia kwa kuigiza ngurumo. Mwalimu wa darasa alikuwa Projest, aliyehamishiwa shule ile mwaka huo. Mtoto Nikuze alimtazama akingoja, maana nyumbani alikwisha kusimuliwa na mama yake kuhusu shimo, na nani alisema nini.

"Nyamazeni," akasema Mwalimu Projest. "Toeni madaftari ya hesabu."

Akaandika hesabu ubaoni. Tangu siku hiyo Nikuze hakumwamkia tena.

Baba yake hakupenda. "Yule ana hofu tu, Nikuze," alimwambia akiziba pancha. "Mtu mwenye hofu ukimkaba hakupi ukweli. Anakuuma."

"Basi na aume. Mimi nina meno pia."

"Ya kwako bado ya maziwa," akasema Adelard, akacheka peke yake.

Miaka ikapita na Gosbert akafariki, kwao Kihanga. Adelard alipata habari, akafunga jembe kwa kamba, akapanda lori la kahawa pamoja na binti yake. Walikuta darasa limevua makoti, linachimba. Adelard akafungua jembe lake.

"Pumzika tu, mzee," Projest akamwambia, bila kusimamisha kazi. "Kwa mguu huo? Sisi tunatosha."

Baba akakaa kwenye gogo, jembe kati ya magoti, mpaka kaburi likafunikwa. Nikuze aliona. Njia nzima ya kurudi mzee alisifia tu kaburi, kwamba kuta zake zilinyooka vizuri.

Haya yote ndiyo yaliyokuwa kifuani kwa Nikuze asubuhi ya maziko, aliposikia bodaboda mbili zinazima kwenye njia ya kibanja chao cha migomba. Wa kwanza alikuwa Projest, mwalimu mkuu mstaafu, sasa mwenyekiti wa walei wa kigango. Wa pili alikuwa Lameck, aliyekuwa bwana shamba, mzee mwembamba mwenye kikohozi. Walikuwa wamebaki wao wawili tu wenye nguvu ya kusafiri. Kila mmoja alikuwa na jembe.

Nikuze akatoka kwenye nyasi za wanawake, kanga mabegani, akasimama njiani kati ya migomba. Nyuma yake vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kupima kaburi kwa kamba.

"Pole, mwanangu," akasema Projest.

"Mmefuata nini?"

"Tumekuja kumchimbia mwenzetu. Ni desturi ya darasa."

"Ninyi mlikwisha fukia, Mwalimu. Leo mnafukia nini tena?"

Vijana wakashusha majembe. Wanaume waliokuwa wanaota moto wa msiba wakasogea.

"Mambo ya vita hayo," Projest akasema kwa sauti ya chini. "Tulikuwa watoto. Leo si siku yake, mwanangu. Tuheshimu maiti."

"Niheshimu maiti, mimi? Ninyi mliomwambia apumzike Kihanga? Haya, sasa anapumzika. Nani atamsumbua? Sema moshi ulikuwa wa nini, uchimbe. Husemi, panda bodaboda yako."

"Nikuze!" Katekista Byarugaba alikuwa amefika, kitabu cha ibada mkononi. "Bwana wetu anatuambia tusamehe saba mara sabini."

"Nimesikia, katekista. Lakini naomba niambiwe nasamehe nini. Mimi nimekuja duniani nimekuta baba yangu ni jasusi. Nisamehe ujasusi?"

Projest akaangalia saa yake.

Ndipo Lameck akakohoa. "Lilikuwepo shimo," akasema. Projest akamshika kiwiko, naye akakitoa polepole. "Niache, kiranja. Lilikuwepo shimo, vijana. La ndizi. Majani niliyabeba mimi mgongoni, na yalikuwa yamelowa, nikamwambia washa tu. Halafu tukalifukia. Mimi, na Projest, na marehemu Gosbert, na wote. Dakika chache tu. Tulifukia haraka kuliko tulivyowahi kuchimba."

Nikuze akasogea pembeni ya njia, Lameck akapita na jembe lake. Projest alipoinua mguu kumfuata, Nikuze akarudi kusimama mbele yake.

"Na mimi?"

"Wewe ndiye uliyeulizwa na mgambo. Mwenzako amejibu lake."

Projest akabaki nje ya kibanja, akiegemea jembe, huku Lameck anachimba, anakohoa, anachimba. Vijana walimpokea alipochoka, wakamrudishia alipotaka. Mackrine alitoka akampelekea maji. Alipita mbele ya Projest na kikombe hicho bila kugeuka.

Ibada ilianza saa nane uani, mbele ya jeneza. Kufikia hapo neno la Lameck lilikwisha kuzunguka msiba mzima, kutoka kwenye moto wa wanaume hadi kwenye sufuria za wanawake. Ikafika nafasi ya wanadarasa. Katekista, ambaye labda hakutaka kubadili utaratibu, au labda alitaka hasa, akamwita Mwalimu Projest.

Projest akashika kipaza sauti. Alikuwa msemaji mzuri. Ndiye aliyesema katika maziko ya nusu ya kata. Akaeleza kwamba marehemu alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Akaeleza kwamba walikula pamoja na kulala pamoja katika miaka migumu ya nchi yetu, kwa upendo na amani.

"Na moshi?"

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Alikuwa bibi Nyirabageni, jirani wa kupakana shamba, aliyekunywa rubisi ya Adelard kila Noeli na ambaye masikio yake, kwa kawaida, hayakusikia chochote.

Projest akaendelea. "Kama nilivyosema, kwa upendo na amani..."

"Na moshi, mwalimu?" akasema mwanamume mmoja nyuma ya turubai.

"Tuambie moshi!"

"Tulifundishwa na wewe! Tuambie!"

Huyo wa mwisho alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, aliyekuwa darasa moja na Nikuze. Nikuze alimtambua. Ni miongoni mwa waliokuwa wanaigiza ngurumo.

Katekista aliinua mkono kuwatuliza, kisha akaushusha. Jasho lilimtiririka Projest hadi kwenye kola. Akatazama jeneza, akatazama Lameck, aliyekuwa amekaa chini na udongo hadi magotini.

"Ulikuwa wa ndizi," akasema.

"Hatusikii!" akapaza sauti bibi Nyirabageni.

"Ulikuwa wa ndizi! Ndizi zetu sote. Hakuita ndege. Niliulizwa mimi, nikasema hapana." Akakiweka kipaza sauti juu ya kiti, akakosea, kikaanguka, kikalia mluzi mkali ambao uliwafanya watoto wazibe masikio. Hakuna aliyempa kiti. Akarudi kusimama alikotoka, kando ya migomba.

Nikuze alikuwa ameungoja mchana ule tangu utoto. Alidhani moyo wake utapoa. Haukupoa. Alisikia tu kwamba baba yake sasa anaweza kwenda.

Walimbeba kupitia katikati ya kahawa, vijana sita wa kijiji na Lameck akishika kishikio kimoja cha jeneza kwa jina tu. Walimshusha kwa kamba. Katekista akabariki kaburi kwa maji ya baraka, akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na watu wakaitikia, "na mwanga wa milele umwangazie." Waliposali Baba Yetu, Nikuze aliitamka yote, na ile ya kusamehe pia, kwa sababu imeamriwa, Mungu anajua ipi ilitoka moyoni na ipi ilikuwa bado mdomoni.

Mackrine alitupa udongo wa kwanza, kisha Nikuze, kisha ndugu na majirani. Projest alikuja mwisho wa mstari. Aliinama, akachota udongo kwa mkono, akautupa. Nikuze hakumzuia. Hakumwamkia pia. Kisha Lameck na vijana wakafukia kwa majembe mpaka tuta likainuka, wakachomeka msalaba wa mbao wenye jina zima, Adelard Karekezi, na pembeni wakapanda mche wa mramula wa kutia alama kaburi, kama inavyofanywa. Watu walinawa mikono kwenye beseni karibu na jiko, wakala, na wenye safari ndefu wakaanza kuondoka kabla ya mvua.